LibreOffice: kabla ya kuisifia ni ya bure, uliza faili linakwenda kwa nani

Kabla hujamwambia fundi akuwekee LibreOffice, mkusanyiko wa programu huria za ofisi usiolipiwa, jiulize mafaili yako huishia wapi. Kama huishia kwenye printa au hutumwa kwa PDF, sioni sababu ya kulipia Microsoft Office. Barua, mihtasari ya vikao, mitihani ya shule, hesabu za duka au za kikundi cha kuweka na kukopa: Writer, programu yake ya kuandikia, na Calc, ya majedwali ya hesabu, zinamudu yote hayo. Jedwali la Calc lina mistari 1,048,576, sawasawa na la Excel. Ukishaipakua, mamia machache tu ya megabaiti, haikudai bando, akaunti wala ada ya mwezi.

Shida huanza pale faili linapokwenda na kurudi. Chukua CV iliyoandikwa kwa Word. Ikiwa ilitumia Calibri, LibreOffice huweka Carlito, fonti iliyoundwa makusudi ili kila herufi iwe na upana uleule, kwa hiyo mistari hukatika palepale. Lakini Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuifanya fonti yake ya kawaida mwaka 2023, ikikosekana kwenye kompyuta yako, inayowekwa badala yake huwa na vipimo vingine. Mstari unausukuma mwenzake, jedwali la elimu linakatika katikati, na majina ya wadhamini yanaangukia peke yake ukurasa wa tatu. Anayeipokea hana habari za fonti. Anachoona ni kazi iliyofanywa ovyoovyo, na mwombaji hatapata nafasi ya kujieleza.

Kwa wahasibu ni kazi zaidi. Fomula za kawaida huvuka salama, lakini makro za VBA, yaani maagizo madogo yanayoifanya Excel itende kazi yenyewe, nyingine hukubali na nyingine hugoma, na Power Query, zana ya Excel ya kuvuta na kusafisha data, haimo kabisa kwenye Calc. Ofisi inayojaza bajeti ya mfadhili kwenye faili la Excel lenye makro, kwa maoni yangu, ibaki na Excel. Pesa iliyookolewa itaishia kwenye saa za kurekebisha.

Hata hivyo, tuseme ukweli: kwa wengi wetu mshindani wa LibreOffice siyo Office ya kulipia. Ni ile iliyokrakiwa, inayokuja kwenye flashi ya fundi pamoja na kiprogramu cha kuiamsha, ambacho kabla ya yote hukutaka uzime antivirusi. Hili linaniuma. Kompyuta hiyohiyo ina nywila zetu, mishahara ya wafanyakazi na matokeo ya wanafunzi, nasi tunamkabidhi mtu tusiyemjua, ili tu kuandika barua ambayo Writer ingeiandika vilevile.

Faida nyingine haionekani kwenye skrini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili, na kwa kuwa msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, ulikuwa wazi haikuhitajika kumbembeleza mwenye mali. Kampuni ya Oracle ilipoinunua Sun Microsystems, iliyokuwa ikiisimamia OpenOffice.org, mwaka 2010 na kuirithi OpenOffice.org, watengenezaji wengi walioingiwa na wasiwasi walichukua msimbo huohuo, wakaanzisha taasisi ya The Document Foundation, na LibreOffice ikazaliwa. Kazi ya miaka haikupotea kwa sababu kampuni imebadilisha mikono.

Watetezi wake hupenda kutaja Schleswig-Holstein, jimbo la Ujerumani lililoamua mwaka 2024 kuhamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000. Waitaje na Munich, jiji la nchi hiyohiyo, ambalo baada ya miaka mingi kwenye mfumo huria wa Linux na programu huria liliamua mwaka 2017 kurudi Windows. Kuhamisha ofisi nzima kunataka mafunzo, mtu wa kupigiwa simu mambo yakikwama, na wakubwa wasioyumba. Bajeti inayohesabu leseni tu haijahesabu kitu.

Kwa mtu mmoja au ofisi ndogo, jaribio ni rahisi, maana LibreOffice na Microsoft Office hukaa kwenye kompyuta moja bila kugombana. Fungua kwa LibreOffice mafaili yako matatu magumu kuliko yote, yahariri, yahifadhi kwa docx au xlsx, kisha mtumie mwenzako mwenye Word na Excel ayafungue na kuyarudisha. Kagua kurasa, majedwali na jumla za hesabu kabla ya kufuta chochote.