Jaribio la Nne: Ni Nani Anayemfuata Vince Young?

Mashabiki wa Texas Longhorns, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, wakikutana hawakawii kuanza kuwapanga makotabeki wao wa zamani kwa daraja. Nafasi ya kwanza haina mgombea, kwa kuwa ni ya Vince Young, na atakayebisha hilo huku atatazamwa kama mgeni aliyekosea nyumba. Ugomvi wote uko kwenye nafasi ya pili. Nimeishi mji huu muda wa kutosha kuwa na msimamo wangu, na kwa kuwa msimamo huo umenifanya nichekwe mara kadhaa mbele ya jiko la mkaa la jirani yangu, naona ni haki yangu kuutetea kwa maandishi.

Kwa msomaji aliyezoea soka letu, kotabeki ndiye anayepokea mpira kila unapoanzishwa, na katika sekunde tatu au nne huamua kama ataurusha, atamkabidhi mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Yakishindikana matatu, jambo la busara ni kuupiga mpira mbali na kuwaachia wapinzani. Anayethubutu kucheza jaribio la nne na kushindwa huukabidhi mpira palepale aliposimama, na kama palepale ni karibu na goli lake, basi amejichimbia shimo kwa mikono yake. Ndiyo maana nashikilia kwamba kotabeki apimwe hapo kwanza, takwimu za msimu zije baadaye.

Young mwenyewe ni ushahidi. Usiku wa tarehe 4 Januari 2006, katika uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena, Texas walikutana na USC, timu ya Chuo Kikuu cha Southern California, ambao walikuwa wameshinda michezo 34 mfululizo na walikuwa na washindi wawili wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, katika kikosi kimoja, Matt Leinart na Reggie Bush. Watu husahau kwamba mchezo ule uliamuliwa na majaribio ya nne mawili. La kwanza lilikuwa la USC: wakiongoza kwa 38 kwa 33, dakika mbili na ushei zikiwa zimebaki, walihitaji yadi mbili tu, wakampa mpira LenDale White, akazuiwa. La pili lilikuwa la Young. Alikuwa yadi nane kutoka goli, akihitaji tano, huku saa ikionyesha sekunde 26. Alitafuta wa kumrushia, akakosa, akakimbia upande wa kulia hadi kwenye kona bila kuguswa. Sekunde 19 zilibaki, na matokeo yakawa 41 kwa 38. Alikimbia jumla ya yadi 200 siku hiyo na kurusha 267, lakini hata bila hesabu hizo, ile kona ingemtosha.

Sasa tuje kwenye nafasi ya pili. Jirani yangu, mzee aliyesoma chuoni hapo mwishoni mwa miaka ya 1960, hataki kusikia jina lingine isipokuwa James Street. Ana sababu. Street alikabidhiwa timu mwaka 1968 baada ya michezo miwili ya mwanzo iliyoleta sare na kipigo, na tangu alipoanza hakupoteza mchezo hata mmoja: alishinda yote 20. Tarehe 6 Desemba 1969 huko Fayetteville, Rais Nixon akiwa jukwaani, Texas waliingia robo ya mwisho wakiwa nyuma ya Arkansas kwa 14 kwa bila. Street akakimbia yadi 42 na kufunga, akaongeza pointi mbili mwenyewe. Baadaye, katika jaribio la nne likihitaji yadi tatu, akiwa bado upande wake kwenye yadi ya 43, kocha Darrell Royal akaagiza pasi ndefu, wakati timu ile iliishi kwa kukimbia.

Hapa ndipo mzee huweka chini sahani na kushika uma wake mrefu wa kugeuzia nyama. Anasema Street alijua walinzi wa Arkansas wanawachungulia walipokuwa wamekusanyika kupanga mchezo, kwa hiyo alinyoosha kidole kwa mchezaji mwingine huku maneno yake akimwelekezea Randy Peschel. Mzee ananielekezea uma mimi, macho yake yako kwangu, kisha anasema, "Mama, niletee chumvi," na mkewe aliyeketi nyuma yake anainuka. Kila mwaka anafanya hivyo, na kila mwaka mimi nageuka kutafuta chumvi. Pasi ile ilikwenda yadi 44, Peschel akaidaka akiwa amebanwa na walinzi wawili, na Texas wakashinda 15 kwa 14.

Siwezi kumvunjia heshima Street. Ninachosema ni kwamba alikuwa dereva wa gari zima. Timu ile iliendelea kushinda hata baada yake, hadi mfululizo ukafika michezo 30. Isitoshe, ilikuwa timu ya wazungu watupu, bingwa wa mwisho wa taifa wa aina hiyo, na chuo hakikuwa na kotabeki mweusi uwanjani hadi Donnie Little mwaka 1978. Mashujaa wa wakati ule walichaguliwa katika nusu ya wagombea, na hilo si kosa la Street, ila ni sehemu ya hesabu.

Vijana wao humtaja Colt McCoy. Ushindi 45, ambao wakati ule ulikuwa rekodi ya vyuo vyote, na jezi namba 12 iliyostaafishwa kando ya namba 10 ya Young. Nampenda McCoy, na sidhani kama kuna shabiki aliyesahau jinsi alivyokaa pembeni ya uwanja tarehe 7 Januari 2010, katika Rose Bowl ileile, mkono wake wa kurushia ukiwa umekufa ganzi baada ya kugongwa mwanzoni kabisa mwa fainali dhidi ya Alabama. Garrett Gilbert, kijana wa mwaka wa kwanza, aliingia na kuipunguza tofauti hadi 24 kwa 21 kabla ya mambo kuharibika na kuwa 37 kwa 21. McCoy hakushindwa mtihani wake mkubwa, maana alinyang'anywa karatasi kabla ya kuandika jina. Namhurumia, lakini siwezi kumpa alama za majibu ambayo hakuyaandika.

Kuhusu Major Applewhite na Chris Simms, makotabeki waliogawanya mji huu mara mbili kati ya 1999 na 2001, nitasema tu kwamba nilikuwa upande wa Applewhite na bado niko huko.

Chaguo langu ni James Brown wa Beaumont. Mchezo wake wa kwanza kuanza ulikuwa dhidi ya Oklahoma mwaka 1994, akashinda 17 kwa 10. Mwaka 1995 aliipa Texas ubingwa wa mwisho kabisa wa ligi ya Southwest Conference, na mwaka uliofuata ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi mpya ya Big 12. Ni huo wa pili ninaoutegemea. Tarehe 7 Desemba 1996, mjini St. Louis, Texas waliokuwa wamepoteza michezo minne waliwakabili Nebraska, mabingwa wa taifa wa 1994 na 1995. Wachezesha kamari waliwapa Nebraska ushindi wa takriban pointi 20, na Brown alipoulizwa kuhusu hilo alijibu kwamba huenda Texas ndio watakaoshinda kwa tofauti hiyo. Dakika mbili na sekunde 40 zikiwa zimebaki, Texas walikuwa mbele kwa 30 kwa 27, wakiwa kwenye yadi ya 28 ya kwao, jaribio la nne, wakihitaji inchi kadhaa tu. Kocha John Mackovic hakuupiga mpira. Brown alijifanya anamkabidhi Priest Holmes, akageukia kushoto kana kwamba atakimbia, na Nebraska wote wakamfuata. Derek Lewis alibaki peke yake. Pasi ikampata, akakimbia hadi jumla ya yadi 61, akaangushwa kwenye yadi ya 11, na mpira ulipoanzishwa tena Holmes akafunga. 37 kwa 27.

Street na Young walikuwa na timu ambazo hazikupoteza mchezo msimu ule. Brown alikuwa na timu ya kawaida, na mpinzani wake alikuwa mkubwa kuliko Arkansas ya 1969. Mwaka 1997 timu ilimaliza kwa ushindi minne na vipigo saba, kocha akafukuzwa, na nadhani matope ya msimu ule yalimrukia Brown kuliko alivyostahili. Jezi yake haijastaafishwa.

Mzee ana pingamizi moja tu, na ni zuri. Aliniuliza: kama mlinzi mmoja wa Nebraska angebaki nyuma na pasi ikaanguka, wakiwa kwenye yadi ya 28 na wapinzani wakihitaji mkwaju mmoja tu kusawazisha, ningemwitaje Brown leo? Nilimjibu kwamba ningemwita vilevile ambavyo yeye angemwita Street kama Peschel angeidondosha ile pasi. Alinyamaza kidogo, akageuza nyama, kisha akanielekezea uma na kuomba chumvi. Safari hii sikugeuka, na kumbe nilikuwa ninaombwa mimi.