Anomaly ya Lecrae: kanisani hawaitaki, kitaa hawaitaki

Juzi jioni nipo kwenye kifodi cha Sakina, konda kaweka Lecrae, sidhani hata alijua ni nani maana kwa biti tu hujui kitu, besi nzito na jamaa anachana kama wanavyochana wengine, mpaka mama mmoja mwenye kitenge cha wanawake wa KKKT, Walutheri, akamwambia "mwanangu hiyo miziki ya kihuni hebu punguza". Nikacheka kimoyomoyo. Mama, huyo jamaa yuko upande wako ujue.

Nilivyofika home nikairudia Anomaly yote, ile albamu yake ya Septemba 2014. Kwa asiyeijua, Lecrae ni rapa wa Marekani, lebo yake Reach Records ipo Atlanta, na wana kikundi chao wanakiita 116, maana yake Warumi 1:16, "siionei haya Injili". Hii albamu wiki ya kwanza iliuza nakala kama 88,000 ikakaa namba moja kwenye Billboard 200, chati kuu ya albamu Marekani, na wakati huohuo namba moja kwenye chati ya gospo, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kabla.

Sasa ugomvi wenyewe. Watu wa kanisa wanauliza, we si umejibandika 116, mbona hutaki kuitwa rapa wa Kikristo? Na mi siwezi kuwapuuza, kwa sababu ukisikiliza Rebel ya 2008 ilikuwa kama darasa la kipaimara juu ya biti, unatoka na mstari wa Biblia mkononi, ila humu kwenye Anomaly kuna wimbo wa mapenzi nimeusikiliza mara kibao na bado sijajua anamwambia mke wake au Mungu. Mwenyewe hoja yake ni kwamba fundi seremala akiokoka haitwi seremala wa Kikristo, anatengeneza tu viti vizuri. Hapana, hayo maneno ni yangu sio yake, ila ndo nilivyomuelewa.

Alafu kuna machalii wa kitaa, na hapa Chuga, yaani Arusha, hawa ni wagumu zaidi ya wachungaji. Mji huu umelelewa na X Plastaz waliochanganya rap na nyimbo za Kimaasai, wakaja Nako 2 Nako, akaja Joh Makini, watu wanajua mstari ni nini. Ukiwaambia rap ya dini wanakwambia ni mahubiri yaliyopewa biti ya bei ya chini, na kiukweli nyingi za kwetu ndo hivyohivyo, chalii anataja Yesu mara ishirini ili usione kwamba hana vina. Lecrae vina anavyo. Shida yake ni viitikio. Anachana vizuri dakika mbili alafu anaingia mtu wa kuimba na kinanda kinapanda kama vile sasa wanapitisha kapu la sadaka. Na cheki Grammy za 2015, wimbo uliompa tuzo ni kolabo yake na for KING & COUNTRY, wale ndugu wawili wa pop, tena kwenye kipengele cha muziki wa Kikristo, wakati kipengele cha rap alichowania akakichukua Kendrick Lamar. Mi nadhani walisikia nilichosikia.

Lakini kuna wimbo mmoja ambao pande zote mbili wanauruka, unaitwa Good, Bad, Ugly. Humo jamaa anasema zamani alimpeleka mpenzi wake kliniki kutoa mimba, alafu anaendelea mpaka utotoni jinsi alivyonyanyaswa kingono. Hamna biti ya kuruka nayo hapo. Ushuhuda wa kwetu tumeuzoea, nilikuwa mlevi sasa nimeokoka, makofi, pambio. Huyu hakimbilii makofi. Na kilichonishika zaidi ni kwamba anayekiri ni mwanaume, kwa sababu nimekua nikiona usharikani wanavyofanya ile ya kurudi kundini, toba mbele ya kanisa zima, binti anasimama mbele peke yake watu wote wanamwangalia tumbo, na yule chalii mwenye mimba yake unamkuta amekaa kwenye kwaya anaimba besi.

Kwa huu wimbo mmoja mi namsamehe viitikio vyote.

Mwaka jana tuliupendekeza kwenye mkesha wa vijana, usharika siutaji. Kiongozi akasikiliza nusu akiwa amevaa earphone, akarudisha simu akasema wekeni ule wa namba tatu una shangwe, huu utawachanganya mabinti.

Mabinti. Wale machalii watatu niliokuwa nao wakaangalia chini.