Bei ya daktari wa mifugo inaanzia getini kwako

Mbwa wangu Simba kagoma kula tangu juzi. Nikampigia daktari wa mifugo. Unadhani kauliza mbwa anaumwa nini? "Uko wapi, bosi?" Nikasema Mbezi Beach, kwa wenye nazo hapa Dar. Kimya kidogo. Sh 80,000, hajamgusa hata sikio!

Shemeji yangu yuko Gongo la Mboto, uswahilini. Daktari huyohuyo, sindano hiyohiyo, sh 30,000. Kwani Simba wangu ana damu ya kifalme?

Nikaomba mchanganuo. "Kuna usafiri, kuna dawa, kuna huduma." Huduma gani tena, bei ya kuniita bosi? Risiti? "Mashine imegoma." Niende kwa mwingine? Mtaani maduka ya dawa za mifugo yako matatu, bei moja, utadhani wamekula yamini. Chanjo ya kideri nayo: kuku wangu wanane, kichupa cha kuku mia. Tone moja la jicho kila kuku, yanayobaki nioge?

Uingereza mwaka 2024 mamlaka yao ya ushindani ilianza uchunguzi rasmi wa soko la matibabu ya wanyama wa nyumbani kama mbwa na paka. Huku kwangu mchunguzi ni mke wangu, na mtuhumiwa ni mimi.

Simba? Alimeza soksi. Imetoka yenyewe jioni, bure.