Mpiganaji Hujikata, Mchawi Hadhuriki

Kanuni ya nne katika waraka aliotugawia msimulizi wetu ilisema kwamba mchezaji yeyote ambaye dadu yake ya pande ishirini itasimama kwenye 1 wakati anashambulia, hatahesabiwa kuwa amekosa shabaha tu, bali atatupa dadu za asilimia, zinazotoa namba kati ya 1 na 100, na kusoma adhabu yake kwenye jedwali la mikosi. Jedwali lenyewe alilitunga yeye, kwa mapenzi makubwa na, ninavyodhani, usiku akiwa na njaa. Mkosi mwepesi ulikuwa kudondosha silaha. Mkosi wa kati ulikuwa kumpiga mwenzako aliyesimama jirani. Mkosi wa mwisho, kuanzia 96 hadi 100, ulikuwa kujikata mguu, na maelezo yaliyofuata yalifafanua kwamba mguu hautaota tena.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, nieleze kwa kifupi. Tunacheza Dungeons & Dragons kwa kitabu cha toleo la mwaka 2014, watu watano kuzunguka meza moja: mmoja ni msimulizi, anayeusimulia ulimwengu na kuyaendesha majoka yaliyomo, na sisi wanne kila mmoja ana mhusika wake aliyemwandika kwenye karatasi. Unasema mhusika wako anafanya nini, unatupa dadu, unajumlisha uhodari wake, na msimulizi anakuambia kilichompata. Mshindi hapatikani, jambo ambalo shemeji yangu hajalikubali hadi leo. Mchezo ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na watunzi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walikuwa watu wa kuchokonoa kanuni za michezo ya vita vya vinyago. Huyo Arneson, akiwa Minnesota, alizigeuza na kuziongezea mpaka zikawa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo msimulizi anapotunga kanuni zake mwenyewe anafuata nyayo za waanzilishi, na hilo sikumlaumu.

Nilichomlaumu ni mguu.

Mhusika wangu ni mpiganaji wa daraja la tano, mtu wa panga na ngao, na mguu wake wa kushoto ulibaki pangoni siku ileile kanuni ya nne ilipoanza kutumika, mbele ya majini wadogo wawili ambao mmoja wao alikuwa amelala. Kikao kilipokwisha, msimulizi akatuomba maoni kwa maandishi, kwa uwazi na bila woga. Mwenzetu mfamasia, anayecheza mhusika mchawi, aliandika pale pale maneno matatu: "Safi sana, kaka." Ilikuwa lazima aandike hivyo. Mchawi akirusha mpira wa moto hatupi dadu ya kushambulia hata kidogo; wanaotupa ni wale wanaojaribu kuukwepa. Anaweza kuwaunguza majini wanane kwa mpigo mmoja, na kanuni ya nne isijue hata kama yuko chumbani.

Mimi ni mkaguzi wa ndani wa hesabu, na mkaguzi hawezi kuandika "safi sana" chini ya kitu chochote. Nikakaa chini nikapiga hesabu. Kila pigo lina nafasi moja kati ya 20 ya kuleta mkosi. Mpiganaji anayeanza hupiga mara moja kwa zamu, na zamu ni sekunde sita. Akipigana nusu dakika, nafasi ya kupatwa na mkosi angalau mmoja ni kama asilimia 23. Akifika daraja la tano hupiga mara mbili, na nafasi hiyo inapanda hadi asilimia 40. Akifika daraja la ishirini, amekuwa bingwa ambaye nyimbo zinaimbwa juu yake, hupiga mara nne kwa zamu, na katika nusu dakika hiyohiyo nafasi yake ya kudondosha panga, kumchoma rafiki au kubaki na mguu mmoja ni asilimia 64. Kwa maneno mengine, kadiri mtu anavyojifunza upanga ndivyo anavyozidi kuwa hatari kwake mwenyewe na kwa majirani.

Tatizo ni kwamba msimulizi wetu haamini asilimia. Aliwahi kuniambia kwamba hesabu ni mambo ya darasani na kwamba mezani kuna bahati. Ndiyo maana nikaamua kumpelekea ushahidi uliotoka kwenye dadu zenyewe, umeandikwa mstari kwa mstari, tarehe juu na sahihi chini, kama ninavyofanya kazini ninapohesabu vifaa vya stoo.

Ninaishi Magomeni, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, uani nyuma, na mama mwenye nyumba chumba cha mbele. Dadu zangu zilikuwa zikiruka mezani na kupotelea chini ya kitanda, kwa hiyo jioni nilimwazima mama sinia lake la pilau, lile kubwa la bati, naye akanipa bila kuuliza, akidhani nina wageni. Usiku, watu walipolala, nikaanza. Dadu ya plastiki ngumu ikiangukia sinia la bati katika nyumba ya kimya hutoa mlio ambao sikuutilia maanani, kwa sababu nilikuwa nahesabu. Nilitupa, nikaandika, nikatupa tena mpaka mkono ukafa ganzi. Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi ya mwisho kwa ajili ya joto, na wakati fulani ikabeba ukurasa mmoja wa daftari na kuupitisha chini ya mlango hadi ukumbini, ambako jirani yangu wa chumba cha pili, dereva wa bodaboda aliyekuwa anarudi kutoka kazini, aliuokota na kuusoma kwa tochi ya simu.

Ukurasa huo ninao mpaka sasa, kwa hiyo naweza kuunakili kama ulivyo. "Mpiganaji: amedondosha panga. Amempiga rafiki. Amedondosha panga. Amejikata mguu tena. Mchawi: hadhuriki kabisa. Anaua wanane kwa mpigo. Pendekezo: damu ya mwenzetu isimwagwe bila ridhaa yake. Jumamosi tukutane kwa mfamasia kama kawaida."

Hodi iliyofuata haikuwa ya jirani peke yake. Nilipofungua niliwakuta watatu: jirani akiwa bado amevaa kofia yake ya pikipiki, mama mwenye nyumba akiwa na mwiko wa ugali, na mjumbe wa nyumba kumi, mzee mtaratibu ambaye karakana yake ya useremala iko mwisho wa mtaa wetu, amejifunga msuli na kutupia koti juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, huyu aliyejikata mguu yuko wapi?"

"Yuko mezani, mzee."

Mjumbe akainama akatazama chini ya meza, na jirani akarudi nyuma hatua moja. Nikachukua karatasi ya mhusika wangu nikamkabidhi. Aliisoma yote, pamoja na uzito wa ngao na idadi ya mienge, kisha akauliza kuhusu mchawi. Nikamjibu kwamba mchawi ni mfamasia, anakaa Mwananyamala.

"Si niliwaambia?" akasema jirani.

Mama mwenye nyumba yeye hakuwa na habari na mchawi. Alikuwa ameliona sinia lake, na ndani ya sinia dadu, na kwake dadu ni kamari, na kamari katika nyumba yake haichezwi. Akataka kuona hela. Mezani kulikuwa na sarafu mbili za shilingi 200, akazinyooshea mwiko.

"Na hizi ni nini, mwanangu?"

"Hilo ni jini, mama. Na lile pale ni jini pia, ila limelala."

Nilieleza. Nilieleza kwa urefu na kwa utaratibu, nikaanzia mwaka 1974, na nilipofika Minnesota jirani akaomba ruhusa akalale. Mjumbe hakuondoka. Alivuta kiti, akaomba asomewe kanuni ya nne neno kwa neno, kisha akauliza swali ambalo msimulizi hakuwahi kujiuliza: huyu anayepiga mara mbili, ni kwa sababu ni fundi zaidi ya anayepiga mara moja? Nikasema ndiyo. Na hatari ya kujikata inaongezeka? Nikasema inaongezeka, na nikamwonyesha asilimia.

Mzee akaweka mkono wake wa kushoto juu ya daftari langu, chini ya taa. Kidole cha shahada kilikuwa kimeishia kwenye pingili ya juu, ncha yake nyororo kama kifundo cha mbao kilichopigwa msasa.

"Hiki kilikwenda nikiwa mwanafunzi. Tangu niitwe fundi, msumeno haujanigusa tena, na kwa siku nakata mbao kuliko wanafunzi wangu wote wakijumlishwa. Huyo aliyeandika hii hajawahi kushika hata randa." Akafikiri kidogo. "Na siku ukijikata, unajikata asubuhi, pigo la kwanza, mwili haujapata moto. Namba yake unayo?"

Nilidhani anaitaka kwa ajili ya kuhakikisha tu kwamba sikusema uongo. Ilikuwa imekaribia saa saba usiku. Akaweka simu kwenye spika na kuilaza ndani ya sinia, na msimulizi alipopokea, sauti yake ilitoka imejaa usingizi na bati.

"Mwanangu, unaongea na mjumbe wa nyumba kumi. Niko Magomeni, kwa rafiki yako. Nimeambiwa kuna kanuni umeitunga, na kwa kanuni hiyo mtu amepoteza mguu. Ni kweli?"

Kimya kilikuwa kirefu.

"Ni kweli, mzee."

"Uliitunga na nani?"

"Peke yangu, mzee."

"Mguu urudi."

"Utarudi, mzee."

"Lini?"

"Umesharudi, mzee. Umesharudi sasa hivi."

Kurasa zangu tisa za maoni hakuzisoma hadi leo. Jumamosi alikuja na waraka mpya, na kanuni ya nne ilikuwa imeandikwa upya kwa namna ambayo ningeona fahari kuitia sahihi: mkosi huangaliwa katika pigo la kwanza la kila zamu tu, na anayepata 1 hutupa dadu ya pande ishirini mara ya pili, namba ikizidi daraja lake, mkosi umempata, isipozidi amenusurika. Nilikagua hesabu hapo hapo. Anayeanza ana hatari ya asilimia 4.75 kwa zamu, mimi wa daraja la tano asilimia 3.75, na bingwa wa daraja la ishirini hapatwi na mkosi kamwe, jambo ambalo mjumbe alipoelezwa alisema sasa yamekuwa maneno ya watu wazima. Mfamasia alilalamika kwamba mchezo umepoa. Chini kabisa ya waraka, kwa herufi nzito, iliongezwa kanuni ya kumi na moja: maoni yawasilishwe kwa msimulizi moja kwa moja na si kupitia serikali.

Mama mwenye nyumba alichukua sinia lake, akanikataza kutupa dadu juu ya kitu chochote chenye mlio baada ya saa tatu usiku. Sasa majaribio yangu nayafanyia kitandani, na godoro lina kasoro yake: mara kwa mara dadu huzama kwenye mkunjo wa shuka na kulala upande, pande mbili zikitazama juu kwa usawa, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuisoma 2 au 20. Waraka mpya haukusema lolote juu ya dadu iliyolala upande. Nimeanza kumwandikia, na nipo ukurasa wa nne.