Hongera, Umeshinda

Jumamosi ya mechi ya Simba na Yanga ilinikuta kisimbuzi changu kimekatika kwa kutolipiwa mwezi mzima, na mpwa wangu, aliyekuwa mbioni kuoa, akanitumia faili simuni. "Mjomba, weka hii, utaangalia mechi zote bure," aliandika, nami, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nikaamini kwamba kuna mtu mahali fulani aliyekesha akitengeneza programu ya kunionyesha mpira bila kutaka chochote kutoka kwangu.

Simu ilijitahidi kunikataza, siwezi kuisingizia. Kwanza ilisema hairuhusiwi kusakinisha programu kutoka chanzo kisichojulikana, ikanipeleka kwenye mipangilio ili niwashe ruhusa kwa kidole changu mwenyewe, nami nikawasha. Kisha Play Protect, mlinzi wa Google anayekagua programu simuni, ikaonya kwamba faili lile huenda likanidhuru, nikalisakinisha hivyo hivyo. Programu yenyewe nayo ikaanza madai yake: isome majina yote niliyohifadhi, isome na kutuma ujumbe mfupi, ijitokeze juu ya programu nyingine, na mwisho ifanywe msimamizi wa kifaa. Ningepaswa kujiuliza kandanda na ujumbe wangu mfupi vina undugu gani, lakini filimbi ilikaribia kupulizwa, nikawa nabonyeza "Ruhusu" kama karani anayegonga mihuri saa za kufunga ofisi. Mechi sikuiona. Niliona duara likizunguka kwa dakika tisini, pamoja na zile za majeruhi.

Kesho yake nilikuwa mshenga. Tulifika Ukonga kwa wazazi wa binti tukiwa watu sita, tukakaribishwa mkekani, na baba mkubwa wa binti, mzee asiyejulikana kwa kucheka, akakohoa na kutaja: "Milioni tatu, ng'ombe wawili, mkaja wa mama, na blanketi la bibi." Niliinamisha kichwa kama inavyompasa mshenga anayetafakari, na katika kimya hicho mfuko wa koti langu ukapaza sauti ya mwanamke mchangamfu: "Hongera! Umeshinda! Chukua zawadi yako sasa!"

Niliichomoa simu na kukuta tangazo limejaa kioo kizima, na alama ya kulifunga ni ndogo kama punje ya ulezi. Kwa kiwewe nikabonyeza pembeni yake, na yule mwanamke akaanza upya. Shangazi yangu alijifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. "Mshenga," mzee akauliza taratibu, "ni nani aliyeshinda?" Jibu sikuwa nalo. Nilitozwa faini ya kreti moja ya soda na doti mbili za kanga, na kikao kikaahirishwa hadi Jumapili iliyofuata.

Kabla hatujanyanyuka, simu ilianza kutetema bila kupumzika. Programu ilikuwa imemwandikia kila mtu niliyemhifadhi, kwa salio langu na kwa jina langu, kwamba nimemwekea kitu kizuri na akifungue haraka. Bosi wangu aliuliza kama nimelewa mchana. Mwenye nyumba, ninayemdai uvumilivu wa miezi miwili, alijibu kwa neno moja: "Kodi?" Na pale mbele yangu baba mkubwa wa binti alitoa simu yake, akavaa miwani, akasoma, akanitazama, kisha akairudisha mfukoni bila kusema neno.

Jumatatu niliipeleka simu kwa fundi mmoja wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mimi nilikuwa nimeitafuta programu usiku kucha bila kuiona, kumbe ilikuwa imejiita "Mipangilio ya Mfumo" na kuvaa picha ya gia, na hata alipoipata, kitufe cha "Ondoa" kilikuwa kimefifia, kwa sababu msimamizi wa kifaa haondolewi kabla hajavuliwa cheo, na cheo nilimpa mwenyewe. Fundi alishikilia kitufe cha pembeni, akabonyeza "Zima" kwa muda mrefu mpaka simu ikauliza kama anataka hali salama. Ilipowaka, programu zote za kupakua zilikuwa zimelala. Akamvua yule usimamizi, akamfuta, akapokea shilingi 5,000. Alinieleza pia kwamba tangu Android 8 ya mwaka 2017 ruhusa ile ya kusakinisha kutoka chanzo kisichojulikana hutolewa kwa kila programu inayoleta faili, si kwa simu nzima kama zamani, kwa hiyo niizime kule kulikopitia faili la mpwa wangu. Niliizima mbele yake.

Jumapili tulirudi Ukonga na kreti, kanga, na simu yangu ikiwa imezimwa kabisa. Nilisimama, nikasafisha koo, nikatamka kwamba upande wetu una milioni moja na nusu. Kimya kikatanda. Ndipo kutoka mfukoni mwa baba mkubwa wa binti ikasikika: "Hongera! Umeshinda!"

Mzee alipapasa, akabonyeza, na mwanamke akaanza upya. Aliponitazama safari hii, ilikuwa kwa macho ya mtu anayetafuta ndugu. "Nilitaka kuangalia mpira tu," akasema.

Nilihamia upande wake wa mkeka, nikamwonyesha mahali pa kushikilia "Zima". Shangazi yangu alikwisha kudai faini kwa sauti, na simu ya mzee ilipomaliza kuwaka katika hali salama, mahari ilikuwa milioni mbili, na kreti ya soda ilikuwa upande wetu.