Nyangumi akipwelewa: azikwe leo au asubiriwe mtaalamu?

Kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi, kusi likiwa limeshika, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka bahari ya baridi ya Antaktika kuja kuzaa na kunyonyesha katika maji yetu ya Zanzibar. Watu wa Nungwi, Kizimkazi na Misali wanawajua. Mmoja akifa na kutupwa pwani, mabishano huwa yale yale. Sheha, mkuu wa mtaa, anataka mzoga uondoke kabla watoto hawajaanza kuuchezea. Mwenye hoteli anataka uondoke kabla wageni hawajaamka. Kina mama wa mwani wanauliza mafuta yatatuama kwenye vigingi vya nani. Wataalamu wa bahari nao wanaomba siku mbili wampasue, wampime, wachukue fuvu. Hapo ndipo wanapoonekana watu wasio na pua.

Wenye haraka wana haki yao. Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya nyangumi yameumbwa kuzuia joto lisitoke, na hayaachi kazi hiyo mnyama akifa. Ndani kunaoza upesi na gesi inajaa. Januari 2004, mjini Tainan huko Taiwan, nyangumi aliyekuwa juu ya lori akipelekwa kuchunguzwa alipasuka katikati ya mji, damu na matumbo yakamwagikia maduka na magari. Safari ile ilikuwa ya wanasayansi wenyewe, kwa hiyo asije mtu akasema hofu ya sheha ni ya wasiosoma.

Halafu kuna nyama. Barazani hakosekani wa kukumbusha kuwa mfu wa bahari ni halali, na kwamba jeshi la Abu Ubayda, sahaba wa Mtume, lilimla mnyama aliyetupwa pwani kwa nusu mwezi, mpaka ubavu wake ukasimamishwa na ngamia akapita chini. Hadithi ni sahihi, hakuna wa kuipinga. Lakini Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watu 9 walikufa baada ya kula nyama ya kasa, 8 kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa. Kasa ameliwa Pemba tangu enzi za mababu, na bado aliua. Uhalali ni suala moja na usalama ni jingine, na mzoga usiojulikana umekufa kwa nini si wa kugawana kwa mafungu.

Linalonigusa zaidi ni suala la mifupa itakwenda wapi. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa, alichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, na mpaka leo amesimama Berlin. Mtu wa Jambiani akiona wageni waliovaa glavu wakikata kipande na kukitia kwenye chupa, ana sababu gani ya kudhani atapata habari zake tena? Kisheria hakitoki kiholela, maana nyangumi wakubwa karibu wote wamo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kila kipande kinachovuka mpaka kinahitaji kibali. Ila kibali kinabaki ofisini. Hakimfikii mtu wa Jambiani kumweleza kilichoonekana.

Pamoja na hayo yote, naona wataalamu wanasingiziwa. Wanachukuliwa kama watu wanaotafuta pambo la makumbusho, wakati habari wanayoitaka haipatikani kwa nyangumi aliye hai, na nyangumi aliyekufa nayo huipoteza kwa saa.

Mwaka 1882 lilipatikana fuvu katika pwani ya Mackay, Australia. Lilikuwa la nyangumi mwenye mdomo mrefu asiyefanana na mwengine yeyote aliyejulikana. Fuvu lile lilikaa peke yake zaidi ya miaka 70. Mwaka 1955 mnyama wa aina ile akatupwa karibu na Danane, kusini mwa Mogadishu, akapelekwa kusagwa mbolea. Akasagwa wote isipokuwa fuvu, na mtaalamu wa Kitaliano, Azzaroli, akalieleza kitaalamu mwaka 1968. Kwa miaka mingine 30 na zaidi, mnyama mwenye urefu wa mita 6 hivi alijulikana duniani kote kwa mafuvu mawili tu. Mwaka 2003 ndipo vipimo vya vinasaba vilipoonesha kuwa na wengine walishapatikana bila kutambuliwa: fuvu lililotoka Kenya, wawili wachanga wa Afrika Kusini, na jike lililotupwa Maldives mwaka 2000.

Itazame ramani hiyo. Danane, Kenya, Afrika Kusini, Maldives, na sisi tuko katikati. Siamini kwamba mnyama yule amepita kote huko akaikwepa Pemba. Kama aliwahi kupwelewa Micheweni au Makangale, basi mafuta yake yaliishia kupakwa madau na mifupa ikachukuliwa na maji. Simlaumu aliyepata mafuta. Nasema tu kwamba ujuzi wa dunia nzima kuhusu mnyama mmoja ulining'inia kwenye fuvu ambalo lingeweza kutupwa kwenye kinu pamoja na mbavu, na hakuna ambaye angejua kilichosagwa. Kila shimo tunalochimba kwa haraka ufukweni ni kinu cha aina hiyo, na hatuna njia ya kujua tumeshafukia nini.

Fuvu si kila kitu. Nyangumi wasio na meno hujaza nta sikioni tangu kuzaliwa, tabaka jeusi na jeupe kwa kupokezana, na haitoki mpaka wanakufa. Mwaka 2007 dume la nyangumi wa buluu liligongwa na meli huko California. Nta yake, yenye urefu wa karibu sentimita 25, ilipokatwa na kupimwa ilionesha ni lini lilibaleghe, lilipata zebaki kiasi gani na lini, na kwamba sumu za kuulia wadudu lilianza kuzipata kwa mama yake. Kuna mganga gani atakayekupa historia ya mgonjwa namna hiyo?

Tukumbuke pia Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walipokufa Nungwi. Watu waliwapasua kuchukua maini, ambayo mafuta yake huzuia maji yasiingie kwenye vyombo. Waliochunguza walikuta matumbo matupu na hawakuona sumu. Dhana iliyobaki ni kuwa walipotea njia wakatoka maji makuu kuingia mafupi. Nini kiliwapoteza? Meli za kivita zikatajwa, sauti za chini ya maji zikatajwa, na mpaka leo ukiuliza Nungwi kila mtu ana jibu lake. Majeraha ya sauti hutafutwa ndani ya sikio, kwenye nyama laini, na nyama laini katika joto la Aprili haimsubiri mtu.

Hata hoja ya haraka yenyewe ina tundu. Bahari yetu wakati wa bamvu, yaani maji makubwa, hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Mzoga uliopandishwa na bamvu hauondoki na maji mafu, yale madogo, utalala hapo karibu wiki mbili mpaka bamvu jengine. Ukivutwa nje kwa boti na kuachwa, upepo wa kusi unaurudisha, pengine kwa jirani. Njia ya uhakika ni kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, na shimo, na kijiko chenyewe hakifiki siku ile ile. Basi kwa nini wataalamu wasifanye kazi wakati kinasubiriwa? Nao hawahitaji mitambo. Wanahitaji visu virefu, mtu mmoja asiye na kazi ila kunoa, maana ngozi ile inaua makali kila baada ya dakika chache, kamba ya kuwazuia watu, na askari wa kuzuia mafungu ya nyama.

Ningependa Taasisi ya Sayansi za Bahari na wizara ya uchumi wa buluu zikubaliane na masheha kabla ya msimu, si juu ya mzoga. Shimo liwe juu ya mstari wa bamvu na mbali na visima, maana jiwe letu la matumbawe linapitisha kila kitu. Fuvu lifungwe kwa jarife kuukuu lisitawanyike, lifukuliwe baada ya mwaka mmoja au miwili, lipelekwe skuli ya kijiji kile kile. Mjini nako pa kulitia pamepungua, maana sehemu ya makumbusho ya Beit al-Ajaib ilibomoka Disemba 2020. Matokeo yasomwe barazani kwa Kiswahili. Kina mama ambao mwani wao umeingia mafuta walipwe kutoka fungu linalolipia kijiko.

Siku ya tatu sitakubali waombe. Kufikia hapo ndani kumeshakuwa uji, hakuna sikio la kupima, na sheha aite kijiko bila kumuuliza mtu.