Kwani si ulisema bure?

Jumanne usiku nimearifiwa rasmi kwamba nimeiba dramu zangu mwenyewe.

Sitanii. Nilikuwa nimepandisha video ya dakika nne, mimi na seti yangu tu, nikionyesha ninavyopiga zile noti ndogo za snea, dramu ile yenye mlio mkali, ambazo watu wananiuliza kila wiki. Hata taa sijazima, onyo likaingia: video yako ina kazi ya mtu mwingine, mapato yake yatakwenda kwake. Kuanzia sekunde ya 41 hadi ya 51. Aliyewahi kutumia lupu zangu, vile vipande vifupi vya dramu vya kurudiarudia ninavyogawa bure, anazijua hizo sekunde. Baa nne kwa tempo 96, yaani mapigo 96 kwa dakika (baa za muziki, nyinyi wa baa zile nyingine tulieni), mapigo kumi na sita, sekunde 10 kamili bila chenji.

Nikamtafuta huyo "mtu mwingine" na kuusikiliza wimbo wake. Besi nzito, kinanda kidogo, sauti imetiwa mwangwi mpaka maneno yamezama. Lakini kule chini, baa ya tatu, kabla tu ya snea ya pili, nikasikia "kwii". Kiti changu! Kiti changu kina skrubu iliyolegea, nikiegemea kulia kinalia. Siku ile kililia, nikarudia mara sita ili nipate baa nne zisizo na mlio, na zote sita zikatoka safi na baridi kama maiti. Nikaiachia ile yenye kwii. Sasa kiti changu kina wimbo, wimbo una mwenyewe, na mwenyewe si mimi wala kiti.

Nikamwandikia kwa adabu zote. "Mdogo wangu, habari za kazi. Hongera kwa wimbo, umetulia. Lupu uliyotumia ni mimi niliyepiga na sina neno kabisa na wewe kuitumia. Ila mfumo umeidai video yangu kwa jina lako, naomba uliondoe hilo dai." Saa mbili baadaye likaja jibu la maneno manne:

"Kwani si ulisema bure?"

Fadhila ya punda. Malizieni wenyewe.

Ndiyo, nilisema bure, na nimekuwa nikisema hivyo kwa miaka minane. Nimepiga, nimerekodi, nimekata, nimezipanga kwenye mafolda kwa tempo, nimeziweka hadharani achukue anayetaka. Tangu siku ya kwanza sijamtoza mtu. Huwa nafurahi kweli nikisikia snea yangu ndani ya wimbo wa mtu nisiyemjua, nafurahi kama mtoto. Kwa hiyo tusipotoshane: sikukasirika kwa sababu kaitumia, wala kwa sababu hakunitaja. Nimekasirika kwa sababu alichokichukua bure amekigeuza kufuli.

Maana hivi ndivyo inavyokuwa. Unamaliza wimbo, unaupeleka kwa msambazaji wa kuuweka mitandaoni, na kwenye fomu kuna kiboksi: je, unataka wimbo huu ulindwe kwenye video? Nani atasema hapana? Ukitia tiki, umeapa kwamba kila sauti iliyomo ni yako peke yako. Wimbo mzima unaingia kwenye mashine kama alama ya kidole, na mashine inaanza doria. Mashine haina habari na lupu. Inachojua ni kwamba sauti hii na ile zimefanana, kwa hiyo wa pili ni mwizi. Na "wa pili" siyo mimi tu. Wa pili ni kila mtu aliyewahi kupakua faili lile lile.

Usiku huo huo nikapata ujumbe wa dada mmoja anayesimulia hadithi za watoto. Anatumia lupu ile ile mwanzo wa kila kipindi, na vipindi vyake kumi na vinne vilikuwa vimedaiwa vyote. Mwisho wa ujumbe ameandika: "Kaka, asante kwa mtego."

Mtego! Hapo ndipo nilipotoka nje nikazunguka nyumba mara mbili.

Watu wanadhani kitu cha bure hakikumgharimu aliyekitoa. Njooni mnione nikirekodi. Maikrofoni mbili za juu lazima ziwe mbali sawasawa na katikati ya snea, na tepu ya kupimia inadanganya, kwa hiyo natumia uzi: naushika kwenye ngozi ya snea, nauvuta hadi maikrofoni ya kwanza, nauhamishia ya pili. Zikitofautiana, snea inanyauka, inakosa kifua. Juu ya snea naweka pochi ili isilie kama sufuria, na pochi yangu kwa wembamba wake inafaa sana kwa kazi hiyo. Halafu kuna suala la mshono. Lupu ikianza na toazi kubwa, mvumo wake unakatika mwishoni, na ikirudi mwanzo unasikia shimo. Kwa hiyo napiga baa nane na kukata nne za mwisho, ili mkia wa toazi la awali uwe tayari umo ndani ya pigo la kwanza. Hakuna anayeligundua jambo hilo, na ndivyo inavyotakiwa. Saa nzima imekwenda kwa ajili ya sekunde kumi, na sekunde kumi hizo nikampa kila mtu. Kila mtu! Sasa mmoja anasimama mlangoni anadai kiingilio, hata kwa mwenye nyumba.

Sisi wapiga dramu tuna historia mbaya na mambo haya, na ndiyo maana damu yangu inachemka haraka. Mwaka 1969 The Winstons walirekodi "Amen, Brother" ikae upande wa pili wa santuri. Katikati bendi inanyamaza na mpiga dramu wao, Gregory Coleman, anapiga peke yake baa nne, sekunde saba hivi. Sekunde saba hizo zikakatwa, zikaharakishwa, zikachanwachanwa na kugandishwa upya, na aina nzima za muziki wa Uingereza zikajengwa juu yake. Coleman hakuona hata senti. Alifariki 2006, fukara. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki huo walichangishana pauni 24,000 wakampa Richard Spencer, kiongozi wa bendi, na walifanya vyema sana. Coleman alikuwa kaburini mwaka wa tisa.

Sasa linganisheni na hili. Mwaka 1977 kundi la Bee Gees wako studio Ufaransa, mpiga dramu wao hayupo kwa sababu za kifamilia. Wakachukua baa mbili kutoka kwenye wimbo waliokwisha kuurekodi, wakazifanya tepu inayojizungusha, na juu yake wakajenga "Stayin' Alive". Walipofika kwenye kuandika nani kapiga dramu, kwa mzaha wakaandika Bernard Lupe. Jamaa hakuwepo duniani. Lakini watu wakaanza kumtafuta wamwajiri! Mpiga dramu ambaye hakuzaliwa alipata jina na akapata wateja. Coleman, mwenye mikono, jasho na malengelenge, akakosa vyote viwili.

Na mfano ninaoupenda kuliko yote ni Clyde Stubblefield, aliyepiga "Funky Drummer" ya James Brown. Hakuandikwa miongoni mwa watunzi, kwa hiyo pigo lake lilipoingia kwenye nyimbo zisizohesabika za rapu, mrabaha ulimpita kama basi lililojaa. Alifanya nini? Alipokuwa mtu mzima tayari alikaa akapiga mapigo mapya ya kuchukuliwa, yakawekewa fomu fupi: chukua, nitaje, ukiuza nipe fungu. Alifariki 2017. Ukimsikiliza, lalamiko lake halikuwa la pesa tu, lilikuwa la jina pia. Nilipoanza kutoa lupu zangu nilimfikiria yeye. Nikasema mimi nitatoa kabla sijaibiwa, nitatoa kwa mkono wangu, ili mtu asije akapata nafasi ya kuniibia. Nilijiona mjanja. Sikufikiria kwamba ukishatoa kwa mkono wako, kuna atakayerudi na karatasi ya kuonyesha kwamba mkono ni wake. Angalau kwa Coleman hakuna mashine iliyogonga mlango kumwambia aache kujiigiza.

Haya, nikiri kidogo, ingawa roho haitaki. Yule kijana pengine hakujua. Kile kiboksi kimeandikwa kwa namna ambayo hata mimi, nikiwa na usingizi, ningetia tiki. Na lile faili la maelezo nililoambatanisha miaka yote hiyo, nimelifungua jana nikakuta maneno mawili: "Tumieni mtakavyo." Mtakavyo ni neno pana. Hata kunidai mimi limo.

Wapo wanaoniambia nihamie kwenye leseni za Creative Commons, za kuruhusu watu watumie kazi yako kwa masharti unayoyachagua, zipo tangu 2002, zimeandikwa na wanasheria. Wazo zuri. Lakini asiyesoma maneno mawili ya Kiswahili atasoma kurasa za wanasheria? Wapiga dramu wenzangu nao wamepata la kusema, kwamba natapanya riziki yao na hii ndiyo adhabu yangu. Anayeweza kukuacha kwa sababu ya sekunde kumi zangu hakuwa na nia ya kukulipa, ndugu yangu. Na wale wanaozichukua lupu zangu, wakazinyoosha kwenye gridi ya kompyuta hadi kila pigo linasimama kama askari wa gwaride, halafu wananiambia "zimekosa uhai", sina la kuwajibu leo.

Nimeandika maelezo mapya na kuyaweka ndani ya kila folda, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Tumia lupu hii kwenye wimbo wowote, hata wa kuuza, hunidai sikudai. Usiigawe wala kuiuza ikiwa peke yake kana kwamba umeipiga wewe. Ukiulizwa kama kila sauti ndani ya wimbo wako ni yako peke yako, jibu ni HAPANA, kwa sababu hii ni ya wote. Jina langu ukiliweka nitafurahi, usipoliweka nitanuna lakini sitakufuata.

Dada wa hadithi nimempigia lupu nyingine, yake peke yake, haijawekwa popote. Ameipokea. Ameniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Kuhusu yule kijana: siku ya kumi na moja dai liliondolewa, la kwangu na la vile vipindi kumi na vinne. Hakuomba radhi. Alichoandika ni hiki: "Kaka, nimetoa. Samahani nikuulize, huna kitu cha mdundo wa sita kwa nane, polepole kidogo?"

Nilikaa nikaitazama simu muda mrefu. Ninayo. Niliipiga mwaka juzi, haihati, yale matoazi mawili ya kukanyagwa, imefunguka nusu, kiti kimelia mara mbili. Nimemtumia, na maelezo mapya nimeyabandika mara tatu.